Naomba ushauri: kutoka ontolojia ya OWL hadi majedwali ya PostgreSQL

Wadau, naombeni ushauri. Nahamisha ontolojia ya OWL (lugha ya kueleza dhana na uhusiano wake) kwenda majedwali ya PostgreSQL (mfumo wa hifadhidata). Klasi (kundi la vitu) Mtu ina klasi ndogo mbili, Mwalimu na Mwanafunzi, na mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili. Jedwali moja lenye safu ya "aina" linakwama hapo hapo, maana safu hiyo hubeba thamani moja. Majedwali matatu yanayotumia ufunguo mkuu (kitambulisho cha kila mstari) uleule, mtu_id, yanakubali hilo, ila JOIN (amri za kuunganisha majedwali) zinaongezeka.

Kinachoniumiza kichwa hasa ni masharti. OWL ikisema kila Somo lina Mwalimu, somo lisilo na mwalimu si kosa: huchukuliwa kwamba yupo, hajatajwa tu. Kwenye PostgreSQL, safu ya mwalimu_id yenye NOT NULL (sharti kwamba isiachwe tupu) inalikataa somo hilo papo hapo. Je, niiache safu hiyo ikubali kuwa tupu na kukagua kwa SHACL (lugha ya kuandika masharti ya kukagua data ya RDF, muundo wa data unaotumiwa na OWL) kabla ya kupakia data, au nibane kwenye jedwali lenyewe?