Siku ulipopata habari za kifo cha Pete Shelley wa Buzzcocks ulikuwa wapi? Tupeane uzoefu

Dereva wa Usiku

Wakuu, heshima zenu. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu maana nilijua nitachekwa. Humu tuko wengi tunaoishi Uingereza, na najua wapo wachache ambao kama mimi waliangukia muziki wa panki bila kupanga. (Panki ya gitaa, siyo ile ya kinyozi.)

Kwa wageni wa jambo hili: Buzzcocks ni bendi ya panki iliyoanzia Bolton mwaka 1976, ikakulia Manchester. Mwimbaji wao wa kwanza, Howard Devoto, alijiondoa mwanzoni mwa 1977, na Pete Shelley, aliyekuwa mpiga gitaa, akasogea kwenye kipaza sauti. Panki wengine wa wakati ule walikuwa wanaitukana serikali na malkia. Hawa walichukua kelele zilezile na mwendo uleule wa mbio, wakaimba kuhusu kupenda na kuachwa. Wimbo dakika mbili na nusu, kiitikio unakishika kabla haujaisha.

Shelley alifariki Tallinn, Estonia, alikokuwa akiishi na mkewe, tarehe 6 Desemba 2018. Umri miaka 63. Moyo, walisema.

Mimi naendesha basi. Ilikuwa Alhamisi, zamu ya jioni, na dereva akiwa kazini simu haigusi, kwa hiyo sikuwa najua lolote. Karibu saa nne usiku, pale Piccadilly, katikati ya Manchester, akapanda mzee wa kizungu, koti limemlowa, anagusisha kadi huku machozi yanamtiririka. Nikamuuliza kama yuko salama. Akasema Pete amefariki. Nikampa pole ya kawaida, nikidhani ni ndugu yake, nikamuuliza Pete ni nani wake. Akanyanyua ukosi wa koti, chini yake kuna beji ndogo yenye jina la bendi.

Nilishindwa kuondoa basi. Abiria wengine wakaanza kuguna. Nikamwambia, hata mimi ni wangu. Akaniangalia kama mtu anayetaniwa msibani, ikabidi nimtajie albamu tatu za kwanza kwa mpangilio ndipo akaamini.

Kituo cha mwisho akabaki peke yake. Tukakaa dakika kumi na tano, akinisimulia alivyowaona mwaka 1979, ziara ambayo bendi ya Joy Division ndio walikuwa wanafungua jukwaa. Nilirudi nimechelewa, msimamizi akaniandikia barua. Sehemu ya sababu ya kuchelewa nikajaza "msiba". Hawakuuliza zaidi.

Haya, na nyie?

Kibuyu

Mimi sikulia. Niliosha vyombo. Vilipoisha nikatoa visafi kabatini nikaviosha navyo.

Binti wa Leeds

Dereva umeniliza na hiyo barua.

Cha kwangu kina kona kidogo, nivumilieni. Wiki ile kila tanzia niliyosoma ilirudia jambo moja: kwamba Shelley alikwepa kwa makusudi kusema kama anayempenda ni mwanamume au mwanamke. Yeye mwenyewe hakuficha kwamba aliwapenda wote. Basi nyimboni anaimba "wewe" tu, mwanzo mpaka mwisho, ili kila anayesikiliza ajione. Alipothubutu kusogea karibu zaidi na ukweli wake, kwenye wimbo wake binafsi wa mwaka 1981, BBC hawakuupiga.

Sasa aibu yangu ni hii: sikuwa nimeliona hilo hata siku moja! Miaka yote nazisikiliza, sijaona kilichofichwa. Kiingereza kinamlazimisha mtu achague kati ya "he" na "she", kwa hiyo kwao kukwepa ni ufundi. Mimi nyimbo zinaingia masikioni kwa Kiingereza, zinatua kichwani kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili "yeye" ni yeye, "nampenda" ni nampenda. Nilidhani ndivyo watu wote wanavyoimba.

Usiku ule nikampigia kaka yangu, ambaye ndiye aliyenipa zile nyimbo nikiwa bado sekondari. Nikamsimulia hiyo ajabu kwa mbwembwe, kama mtu aliyevumbua kitu. Akanyamaza, mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mdogo wangu, mimi nililiona siku ya kwanza."

Tuliongea mpaka saa kumi alfajiri. Yaliyobaki ni yake, siyaandiki hapa. Ila mkinisikia nasema nilimlilia Shelley, mjue nililia vitu viwili.

Mti Mkavu

Samahanini wenye msiba. Mtu mzima, tena mzungu ambaye hakujui, anakufa huko Estonia, wewe unachelewesha basi? Nyumbani watu wanafiwa kila siku.

Dereva wa Usiku

Mkuu, sikatai. Na huyo mzungu hakuwa ananijua kweli. Ila kuna mwaka mzima niliokaa chumba kimoja Salford, simfahamu jirani wala jirani hanifahamu, na sauti pekee iliyokuwa inanisemesha jioni ilikuwa yake kwenye kaseti niliyoachiwa na fundi wa gereji yetu. Nimemlipia tiketi mara nne. Nadhani hata hapo bado nadaiwa.

Mtoza Santuri

Nyie mnalia, mimi niliibiwa.

Wasiojua: mwishoni mwa Desemba 1976 hawa vijana waliingia studio, wakarekodi nyimbo nne kwa pauni 500 za kukopa, nyingine kutoka kwa baba yake Shelley. Januari 1977 wakaitoa santuri wenyewe, kampuni wameiunda wenyewe, nakala 1,000. Hakuna kampuni kubwa iliyogusa. Ziliisha, wakaongeza, ikafika kama 16,000. Watu wa bendi ndogo ndogo nchi nzima wakaona kumbe inawezekana. Nyuma ya jalada wameandika hata kila wimbo ulirudiwa mara ngapi studio, kama mpishi anayekuonyesha jungu. Na picha ya mbele walipigwa palepale Piccadilly, chini ya sanamu ya Robert Peel, kwa kamera ya Polaroid. Dereva, hiyo sanamu unaipita kila siku.

Sasa mimi nilikuwa naitafuta ile ya kwanza kwa miaka. Siku mbili baada ya kifo, huzuni imenishika, nikaiona kwenye meza ya muuzaji mmoja sokoni. Akaniambia ya 1977, pauni 80. Nikalipa bila kubishana, maana ningebishanaje wiki hiyo? Nyumbani nikawasha taa vizuri. Jaladani pameandikwa "with Howard Devoto". Maneno hayo yaliongezwa walipoitoa tena mwaka 1979, Devoto ameshakuwa na jina. Ya kwanza haina.

Nimeitundika ukutani hivyo hivyo. Kila nikiiangalia nacheka kwanza halafu ndio nasikitika, na mpangilio huo nadhani Pete mwenyewe angeukubali.

Binti wa Leeds

Pauni 80! Pole kaka. Pole mara mbili.

Vidole Viwili

Mimi sina kisa cha siku ile, nina cha kabla. Nilikuwa nimekata tamaa ya gitaa. Mwalimu wangu alikuwa ananifundisha mambo ya vidole kukimbia kama buibui, vidole vyangu vinene, sivimudu. Ndipo rafiki akanisikilizisha ule wimbo wa kwenye santuri anayoisema Mtoza, ule wenye sehemu ya gitaa peke yake ambayo ina noti mbili tu. Mbili! Anazirudia, anazirudia, anazirudia, mpaka unaanza kucheka, halafu unagundua hakuna noti ya tatu ingefaa pale. Wimbo wenyewe ni wa mtu aliyechoshwa na kila kitu, sasa ulitaka gitaa lionyeshe madoido?

Hata gitaa lake la mwanzo lilikuwa la bei poa, limevunjika kipande cha juu, akaendelea kulipiga hivyo hivyo jukwaani.

Nilirudi kwa mwalimu nikamwambia nitajifunza noti mbili kwanza. Leo nina bendi. Hatuna jina kubwa, tunapiga baa za Bradford, lakini Ijumaa ile ya tarehe 7 tulianza onyesho kwa zile noti mbili. Ukumbi una watu kama thelathini. Nusu yao walipaza sauti kabla ngoma haijaingia.

Mama Abdul

Juni 2019 nilikuwepo ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Onyesho lilipangwa yeye akiwa hai, na nilikuwa nimeshaomba likizo kazini kwa ajili ya tarehe 21. Alipofariki nikafikiri litafutwa. Halikufutwa, likageuzwa kuwa la kumkumbuka. Bendi za Penetration na The Skids zilikuwepo, na waimbaji wageni wakapokezana kuimba nyimbo zake, mwenzake wa Buzzcocks, Steve Diggle, akiwa kwenye gitaa kama siku zote.

Nitasema kitu ambacho huenda hamtakipenda. Sauti zote zile zilikuwa kubwa kuliko yake, nene kuliko yake, na hakuna iliyotosha. Pete alikuwa na sauti nyembamba, ya mtu anayelalamika huku anajicheka. Wale wageni waliimba kama wanaume walioachwa. Yeye alikuwa akiimba kama mtu aliyeachwa, kisha akakumbuka ameacha chai jikoni.

Pembeni yangu alikaa kijana na baba yake. Baba hakuimba hata neno. Mwishoni kijana akamfunga skafu shingoni taratibu, kama mnavyomfunga mtoto, wakaondoka.

Kibuyu

Mama Abdul, hiyo ya chai jikoni umemaliza.

Swali nje ya mada: ni kweli mpiga ngoma wao wa zamani siku hizi anaunda injini za Volkswagen?

Mtoza Santuri

Kweli kabisa. John Maher. Alijiunga ana miaka 16, sasa yuko kisiwa cha Harris huko Uskoti, injini na kamera. Ukisikia ngoma zake za 1978 utaelewa, yule alikuwa injini tangu zamani.

Mti Mkavu

Nimerudi. Nilienda kuusikiliza ule maarufu, wa kumpenda usiyepaswa kumpenda. Nimeurudia mara sita. Sisemi kitu.

Binti wa Leeds

Karibu msibani.

Dereva wa Usiku

Wakuu, asanteni, sikutegemea hata watu watatu. Vidole Viwili, umenikumbusha jambo nililosahau kuliandika.

Yule mzee bado anapanda basi langu, Alhamisi kwa Alhamisi. Hatujawahi kuulizana majina. Hatuongei sana pia, basi limejaa na mimi nina barabara. Ila akifika kituo chake, kabla hajashuka, hugonga kile chuma cha mlangoni kwa kidole cha pete. Noti mbili. Namjibu kwa honi, mbili, ingawa basi likiwa limesimama honi hairuhusiwi.