Asidi ya betri kumwagika ndani ya gari: ulisafishaje, ulirekebishaje? Tupeane uzoefu

Spana14:
Wakuu habari zenu. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu kila mtu akiuliza asidi imemwagika kwenye siti au kwenye buti anaambiwa futa na kitambaa afu acha milango wazi ikauke. Jamani hapana. Ndani ya betri kuna tindikali ya salfa na maji, betri ikiwa na chaji kamili tindikali ni zaidi kidogo ya theluthi moja ya uzito, sasa ukiacha ikauke kinachoondoka ni maji tu, tindikali haiendi popote na inazidi kuwa kali palepale ilipo. Unaona kapeti kavu unajua yameisha kumbe kazi inaendelea chini.

Yangu ilitokana na betri ya akiba, jamaa waliopakia mzigo waliilaza ubavu kwenye buti na ni zile za vifuniko vya kuzungusha. Nikavaa glovu za mpira na miwani ya fundi, nikafungua milango yote, betri nikaitoa ikiwa imesimama wima. Kitu cha kwanza sikumwaga maji, ukimwaga maji mengi mwanzoni unaisukuma asidi iende kwenye sponji na kwenye mikunjo ya bodi ambako hutaifikia tena. Nikaizungushia bekingi soda kavu pembeni ili isisambae, afu nikachanganya nyingine na maji, lita moja inayeyusha karibu gramu 90 hivi zaidi ya hapo inakaa chini tu, nikawa namimina kidogo kidogo. Inatoa povu jeupe na mlio kama soda iliyofunguliwa, hiyo ni hewa ya kaboni inatoka, usiogope ila usijifungie ndani ya gari.

Sasa hapa ndo nataka watu waelewe. Juu povu likaisha kabisa, nikamimina tena hakuna kitu, ungesema tayari. Nikang'oa vile vibanio vya plastiki nikainua kapeti, chini yake kuna lile sponji la kijivu la kuzuia kelele, nikalidondoshea soda likaanza kuchemka upya na lilichemka muda mrefu kuliko juu. Nililitoa lote nikalitupa, halioshiki lile. Bati la chini rangi ilikuwa imeanza kulainika lakini kutu bado, nikaliosha kwa soda, nikasuuza na maji safi, nikanyonya maji kwa vakyumu ya maji, nikalikausha vizuri kabla ya kurudisha chochote. Na soda yenyewe usiiache, ikikauka inabaki unga mweupe na inashika unyevu.

Haya wengine mliopitia leteni, na mafundi msikae kimya.

Dada Usukani:
Asante kwa uzi huu kaka. Mimi ilikuwa siti ya nyuma, betri ilitoka kuchajiwa ikawekwa pale bila hata chombo cha kuikinga. Ilivuja kidogo mno, alama ndogo tu kama mtu kamwaga chai. Aliyekaa pale alikuwa amevaa jinzi na hakuhisi kitu, jinzi ikafuliwa ikatoka na matundu sehemu yote ya nyuma ya paja. Pamba inaliwa vibaya sana na asidi ya betri na mara nyingi huoni mpaka ifuliwe, nyuzi zimeshaoza zinasubiri kuvutwa. Kitambaa cha siti chenyewe kilikuwa cha poliesta kikavumilia ila uzi wa mshono ukakatika, siti ikafumuka pembeni.

Kwa hiyo wenye watoto naomba mnisikilize, alama ndogo kwenye siti asikae mtu mpaka mmehakikisha. Mi natumia karatasi ya litmasi, ya bluu, unalowesha siti kidogo na maji safi unaibandika, ikigeuka nyekundu rudia soda. Kama huna litmasi dondoshea maji ya soda usikilize kama kuna mchemko.

Na ikimgusa mtu ngozi ni maji yanayotiririka angalau dakika 15 hadi 20, nguo ivuliwe hapohapo. Jicho ndo usicheze kabisa, maji safi muda huohuo huku kope zimeshikwa wazi, afu hospitali. Soda usiweke kwenye jicho.

Kijana wa Garage:
Nyongeza kwa dada hapo juu: wanaoambiwa watumie siki, siki nayo ni asidi haisaidii kitu. Blichi msithubutu, klorini ikikutana na asidi inatoa gesi ya sumu na mko ndani ya gari. Kostiki soda nayo ni kali mno inachemsha joto na inaunguza yenyewe. Bekingi pauda sio bekingi soda, pauda imeshachanganywa na asidi yake humohumo nguvu inapungua. Magadi yanafanya kazi ila soda ni laini zaidi kwa siti.

Msafiri Kimya:
Wakuu mimi betri yangu ipo chini ya siti, kuna magari yametengenezwa hivyo, Land Rover Defender iko hivyo na zile Volkswagen za zamani za mgongo wa kobe betri ilikaa chini ya siti ya nyuma. Yangu haikupinduka wala haikupasuka lakini kila nikisafisha baada ya muda unyevu unarudi pembeni ya vifuniko, na ndani kuna harufu ya mayai yaliyooza. Nimesafisha mpaka nimechoka. Shida ni nini?

Fundi Umeme:
Mkuu acha kusafisha kwanza pima chaji. Weka mita kwenye tamino gari ikiwa inawaka, kawaida isome kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi, ukikuta inapita 15 jua reguleta ya altaneta (kidhibiti cha chaji inayoenda kwenye betri) imekufa, betri inapikwa, ile harufu na unyevu ndo vinatokea hapo. Utasafisha milele kama hujabadilisha reguleta. Na angalia ule mpira mwembamba wa kupumulia, betri inayokaa ndani ya gari inatakiwa iwe nao ukitoka mpaka nje ya bodi, wengi wakibadilisha betri wanaurusha pembeni. Hewa inayotoka ni haidrojeni, ikifika asilimia 4 tu kwenye hewa inaweza kulipuka, kwa hiyo chini ya siti hapo hakuna sigara wala cheche, anza kutoa waya wa hasi.

Jingine ambalo watu hawaliangalii, chini ya siti za mbele kuna konekta za njano, hizo ni za eabegi (mifuko ya hewa ya ajali). Usizichomoe wala kuzimwagia maji ya soda kabla hujatoa waya wa betri na kusubiri dakika ambazo kitabu cha gari kimeandika. Konekta za kawaida zikiguswa na asidi pini zinaota unga wa kijani, gari linaanza kuwasha taa za ajabu kwenye dashibodi miezi baadaye na hakuna anayekumbuka kwamba kuna siku betri ilimwagika. Na mkanda wa siti ukilowa asidi badilisha mzima, usiuoshe, uimara wake huwezi kuuona kwa macho.

Msafiri Kimya:
Volti 15.6! Asante sana fundi, ndo ilikuwa yenyewe. Reguleta imebadilishwa sasa inasoma 14.2.

Fundi Bodi:
Safi. Kwa wenye bati lililokwishaliwa: usipake rangi juu ya kutu iliyolowa asidi, rangi itavimba na kubanduka. Kwanza soda mpaka isichemke, suuza, kausha. Afu brashi ya waya na msasa mpaka uone chuma cheupe, na uligonge bati kwa kichwa cha bisibisi, sehemu nzima inalia, iliyooza inazama. Iliyozama ikatwe ichomelewe bati jipya, usijaze pati ukasema imepona, pale ndo siti inafungwa. Kabla ya kuchomelea chungulia chini ya gari, mabomba ya breki na ya mafuta yanapita hapo, kama tone la asidi limepenya kwenye tundu limeyadondokea hayo mabomba. Kwenye vishimo vidogo vya kutu pitisha dawa ya kutu, halafu praima ya epoksi, rangi, na maunganio yote uzibe na silanti. Kapeti irudi mwisho kabisa rangi ikishakomaa.

Spana14:
Shukrani sana mafundi, na hilo la mkanda nimeenda kuukagua wangu muda huuhuu. Wanaobeba betri ya maji waiweke wima ndani ya beseni la plastiki, na beseni lifungwe lisiteleze. Maji na matambara uliyosafishia yana madini ya risasi kutoka kwenye betri, usimwage bustanini wala karibu na kisima, peleka wanakopokea betri mbovu, na unawe mikono kabla hujala.