Namba za simu za wakulima wa mwani: niziweke kwenye blokcheni?

Kijana wa Micheweni
Asalaam aleikum. Kikundi cha mama zetu wa mwani huku Micheweni kinataka programu ya blokcheni, yaani daftari la pamoja la mtandaoni lisilofutika, ili kilo zikishapimwa na mnunuzi akishalipa, asije mtu baadae akabadilisha hesabu. Kila mwanachama atakuwa na pochi yake ya kidijitali ya kupokelea malipo, na wanataka wakilipwa wapate meseji. Nimefikiria kuweka namba zao za simu ndani ya mkataba wenyewe, yaani ile programu inayokaa kwenye blokcheni, ila nizipitishe kwanza kwenye heshi, hesabu inayogeuza namba kuwa msimbo usiorudishwa nyuma, zisisomeke. Inatosha?

BintiWete
Waaleikum salaam. Haitoshi, mdogo wangu, na nakuomba usizipandishe hata kwa majaribio, maana kikishaandikwa kule hakifutiki. Heshi huficha kitu kisichobahatishika. Namba ya simu inabahatishika: ukitoa 255 zinabaki tarakimu 9, na kwa simu za mkononi ya mwanzo ni 6 au 7. Hizo ni namba milioni 200 tu. Laptopu ya kawaida inazipitisha zote kwenye heshi kwa dakika chache na kulinganisha na zilizomo kwenye mkataba. Hapo mtu ameshajua pochi ipi ni ya mama yupi, na malipo yenyewe yako wazi, basi anajua na pesa alizonazo.

Tena namba hazina kazi mule. Mkataba hauwezi kutuma meseji. Lazima pawe na seva, kompyuta yenu ya pembeni, inayosikiliza malipo yakiingia, ndiyo itume. Namba zikae huko, zimefungwa kwa ufunguo, bila majina.

Baharia wa Mkoani
Seva nayo ilindwe. Mwaka 2020 wateja wapatao 272,000 wa Ledger, wauzaji wa vifaa vya kutunzia funguo za pochi za kidijitali, walianikwa majina, anwani za nyumbani na namba za simu. Blokcheni haikuguswa, ilivuja orodha ya duka, na matapeli wakaanza kuwaandama. Asiyetaka meseji usichukue namba yake kabisa. Akijitoa, ifute.

BintiWete
Kweli kabisa kaka. Na linaloniuma zaidi ni maneno ya meseji yenyewe. Bamvua likifika mama zetu wako pwani mpaka maji yajae, simu imebaki nyumbani, wanaichezea watoto au anayo mume. Ikitokea kwenye kioo "Umelipwa shilingi 84,000", pesa imeshapangiwa matumizi kabla mwenyewe hajatoka majini. Jasho lake lile! Andika "Kuna taarifa mpya ya kikundi", basi. Kiasi akione mwenyewe kwa namba yake ya siri.

Kijana wa Micheweni
Nimekufahamu dada, namba nazitoa kwenye mkataba leo leo. Lakini wengi wana vitochi, programu haiingii. Kiasi watakionaje?

BintiWete
Kwa menyu ya nyota na reli, kama ya kuangalia salio. Anabonyeza, anaweka namba ya siri, seva inamjibu hapo hapo. Akishafunga hakibaki kitu kwenye simu, meseji ingebaki.