Siku moja magofu ya Gede na mama mwenye magoti mabovu, itawezekana?

Binti wa Pongwe: Wadau, habari za jioni. Wiki ijayo nitakuwa Mombasa kwa dada yangu, na Jumamosi nataka kumpeleka mama Gede. Ana miaka 71, anatembea na mkongojo, na jua kali halimfai. Tutaweza kuuzunguka mji ule? Tusikose nini?

Mzawa wa Msabaha: Karibuni sana dada, mama mpe shikamoo yangu. Pandeni matatu ya Malindi alfajiri, mshuke njia panda ya Watamu, tuktuk iwafikishe getini. Jua lisikutie hofu, maana mji wote umemezwa na msitu. Cha kuangalia ni mizizi njiani, kwa hiyo mwende polepole.

Mji ule ulikuwa na kuta mbili. Wa nje umezunguka kama ekari 45. Wa ndani ndio una msikiti mkuu, jumba la mfalme na nyumba za wenye nazo. Wengine waliishi katikati ya kuta hizo kwenye nyumba za udongo, ambazo zimeyeyuka zote. Hilo huniuma kila nikienda, kwani wageni huondoka wakidhani Gede ilikuwa ya matajiri peke yao.

Chukueni mtembezaji, mwambieni awaonyeshe kaburi lenye tarehe, Hijria 802, yaani 1399. Msikitini, inueni macho kwenye tao la mlango: pamechongwa ncha pana ya mkuki. Halafu simameni kwenye visima, mchungulie. Baadhi ya wataalamu wanasema maji kuzama chini ni sababu mojawapo ya watu kuuhama mji katika karne ya 17; wengine wanataja mashambulizi. Mimi visima hunishika kuliko jumba lenyewe.

Mwalimu wa Kilifi: Chakula kikae kwenye begi lenye zipu! Mwaka jana kima alimpokonya mwanafunzi wangu mkate mkononi, mtoto akalia mpaka kwenye basi. Na msiache chumba cha makumbusho: vitu vilivyofukuliwa hapo vinaonyesha biashara ilifika mpaka China. Mama akichoka, banda la vipepeo la Kipepeo liko papo hapo, akae apumzike.

Binti wa Pongwe: Ahsanteni mno. Nimemsomea mama yote haya, naye ameuliza jambo moja tu: watu wa nyumba zile walijisaidia wapi?

Mzawa wa Msabaha: Mwambie vyoo vipo, tena ndani ya nyumba! Ni vya shimo, vya mawe na chokaa, na pembeni pametengwa mahali pa maji ya kuchambia. Mtembezaji akivipita, mrudisheni.