Granuaile, Galatea au Pharos: kati ya hizi meli za maboya ipi kiboko?

mzee_wa_dira: Wakuu salama? Nimekesha nasoma habari za meli 3 zinazohudumia maboya na minara ya taa kule Ireland na Uingereza. Granuaile ni ya Irish Lights, shirika la minara na maboya la Ireland, imejengwa Galați, Romania, 2000, urefu kama mita 80, kreni tani 20. Galatea ni ya Trinity House (shirika kama hilo la Uingereza upande wa England na Wales), Pharos ni ya Northern Lighthouse Board kule Scotland, zote mbili zimetoka Gdańsk, Poland, 2007, mita 84, kreni tani 30. Sasa kwa namba hizo mbona Granuaile keshapigwa bao mapema? Au kuna kitu sikioni

fundi_deki: Mkuu meli ya maboya haipimwi kwa kreni peke yake. Boya likishanyanyuliwa hapo ndo kazi inaanza, linalazwa kwenye deki linatiririka maji, limejaa mwani na makombe, vijana wanalipiga maji ya presha, mwingine kachuchumaa kwenye mnyororo anakagua pete moja moja maana mnyororo ukisuguana na mwamba huko chini pete inaliwa mpaka inabaki nyembamba. Na muda wote huo meli inatakiwa itulie palepale bila nanga, wimbi linaipiga ubavuni. Kompyuta inacheza na propela, mtu wa kreni anaomba Mungu tu

kusi_na_kaskazi: Zote tatu zina huo mfumo wa kutulia fundi, hapo haujatofautisha kitu. Mi kura yangu kwa Pharos, anahudumia Orkney na Shetland, visiwa vya kaskazini mwa Scotland, mikondo ya kule si ya kuchezea

Bi_Nanga: Mmesahau jina jamani 😄 Galatea ni binti wa bahari wa hadithi za Wagiriki, Pharos ni ule mnara wa Alexandria, ila Granuaile alikuwa mtu kweli, ndo Gráinne Mhaol, Waingereza wanamwita Grace O'Malley, mkuu wa ukoo wa mabaharia wa Clew Bay, Mayo, magharibi mwa Ireland, karne ya 16. Wanasimulia kwamba utotoni alinyoa nywele ili baba yake amchukue safarini, ndo likaja jina la Mhaol, yaani kipara. 1593 mwanamama huyo akatweka tanga mpaka London kuonana na Malkia Elizabeth I pale Greenwich, kumlalamikia gavana aliyekuwa anamsumbua. Afu sikia hii: ukoo wake ulikuwa unatoza ushuru vyombo vinavyopita majini kwao, na leo meli zinazoingia bandari za Ireland zinalipa ushuru wa taa, hela zinaenda kwenye kazi hizihizi za minara na maboya. Kwa hiyo bibi bado anakusanya

fundi_deki: 😂😂 bibi hajastaafu

kusi_na_kaskazi: Sawa jina limeshinda, ila jina halinyanyui boya

pwani_yetu: Mi nitasema la 2017 tu. Machi 14 helikopta ya uokoaji, Rescue 116, ilianguka kwenye kisiwa cha Blackrock, pwani ya Mayo, ikiwa na watu 4. Granuaile ndo ilipelekwa pale kubeba roboti ya kuzama chini kutafuta mabaki, na siku kadhaa bahari ilichafuka kazi haikuwezekana, ikabidi kusubiri. Ni pwani ya huyohuyo bibi. Ukiniuliza meli ya kazi ni ipi mi naangalia siku kama hizo, tani 20 au 30 baadaye

mzee_wa_dira: Hapo nimekubali nusu. Nusu nyingine bado niko na kreni ya tani 30, mnisamehe. Bi Nanga, hilo jina linatamkwaje lakini, nisije nikaaibika mbele za watu

Bi_Nanga: Kama "Granya-weil" hivi mkuu. Sema harakaharaka hakuna atakayegundua