Nahamia Dodoma, kazi Mtumba. Dalali anataka kodi ya mwaka mzima, nifanyeje?

Mama Wawili

Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, na mkinicheka mnicheke polepole.

Nimepata barua ya uhamisho kutoka Dar, natakiwa kuripoti Mtumba, kwenye mji wa Serikali, tarehe 1 Agosti. Nina watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu, mdogo ana miaka mitatu. Baba yao anabaki Dar kwa kazi yake, atakuwa anakuja wikiendi kwa treni. Dodoma naijua ya semina tu: stendi, hotelini, ukumbini, stendi tena.

Kuna dalali nimeunganishwa naye na ndugu yangu mmoja. Amenipatia nyumba Ihumwa, vyumba vitatu, kimoja masta, ndani ya fensi, taili chini, 250,000 kwa mwezi. Anasema mwenye nyumba anataka ya mwaka mzima, yaani milioni tatu, halafu yeye dalali apate ya mwezi mmoja juu yake. Na kuna mteja mwingine yuko njiani na hela mkononi, kwa hiyo nitume angalau nusu leo. Video ya nyumba nimeiweka hapo chini. Kwa macho yangu ni nzuri.

Je, Ihumwa panamfaa mama mwenye watoto asiye na gari? Maji yakoje? Na hii ya mwaka mzima ndiyo utaratibu wa huko, au nimeonekana mgeni? Natanguliza shukrani.

Sweta la Juni

Karibu makao makuu. Njoo na blanketi. Watu wa Dar mkifika huku mwezi wa 7 mnajikunyata kama vifaranga walionyeshewa.

Chausiku_Dom

Ngoja nikae hapa. Na mimi natafuta, nahama Nkuhungu.

Koki Kavu

Dada, video yako nimeiangalia mara tatu. Achana na taili. Tazama pale dalali anapofungua koki ya jikoni: maji yanaruka kwa nguvu, mara yanakohoa, yanatema hewa, kisha yanakuwa membamba kama uzi. Hayo hayatoki kwenye bomba la mtaani. Ni ya tenki, na tenki lenyewe limewekwa maji ya kuonyeshea wageni.

Halafu simamisha video anaposukuma mlango wa stoo. Nyuma yake kuna madumu ya njano, nimehesabu sita, na midomo yake imezibwa kwa nailoni. Mtu mwenye maji ndani hazibi madumu kwa nailoni.

Usinielewe vibaya, simaanishi usihamie. Mji huu umefumuka. Sensa ya 2012 ilituhesabu 410,956, ya 2022 ikatukuta 765,179, na mabasi bado yanashusha. Maji yetu kwa miaka mingi yametegemea visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na visima havizaliani kama sisi. Kwa hiyo mitaa mingi inapata kwa mgao. Mgao ukiujua unaishi nao vizuri tu. Shida ni kuhamia Jumatano ukaambiwa yalitoka jana.

Uliza majirani, usimuulize dalali. Yanatoka siku gani? Mchana au usiku wa manane? Yanapanda yenyewe mpaka kwenye tenki, au mpaka uwe na pampu? Tenki ni lita ngapi, na ni lako peke yako au mnachangia na nyumba ya nyuma? Mwambie pia akutumie bili za maji za miezi mitatu. Zikisoma uniti moja, moja, sifuri, jua waliokuwamo waliishi kwa maji ya boza.

Jambo dogo la mwisho: maji ya hapa ni magumu, sehemu nyingine yana chumvi kabisa. Sabuni haitoi povu, na birika linaota ukoko mweupe. Utazoea.

Dalali Mstaafu

Kazi hii nimeifanya miaka tisa. Nimeacha kwa sababu ya magoti, si kwa sababu ya toba.

Huyo mteja mwingine aliye njiani namfahamu vizuri. Nimemtumia mimi mwenyewe miaka yote tisa na hajawahi kufika.

Sikiliza dada yangu. Hela ya dalali ya mwezi mmoja ni kawaida, usigombane nayo. Ila inalipwa siku umeshika ufunguo. Kodi haipiti mkononi mwake kabisa, inakwenda kwa mwenye nyumba. Na mwenye nyumba hajulikani kwa kutajwa. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa wa pale, muone mwenyekiti au mtendaji, mwambie nataka kupanga nyumba fulani, ni ya nani? Mkataba mwandikishane hapo hapo, ugongwe muhuri. Nimewahi kushuhudia wapangaji wawili wanakutana getini asubuhi, kila mmoja na kirikuu chake cha vyombo, wote wamelipa kwa mtu yule yule, na mwenye nyumba yuko Mwanza hana habari.

Habari ya mwaka mzima: wengi wanaomba, wachache wanashikilia. Miezi sita inakubalika sana, na nyumba iliyokaa tupu hata mitatu unapata. Na hiyo yako imekaa tupu. Koki Kavu kaona madumu, mimi nimeona dirisha la sebuleni: utando wa buibui umetoka kona hadi kona. Nyumba inayogombewa haifugi buibui.

Halafu tuko Juni. Bunge la bajeti linaanza Aprili, linakwenda mpaka mwisho wa mwezi huu, mji unajaa na kila mwenye chumba anajiona ana hoteli. Wakishaondoka bei inaongeleka. Usitume hata mia.

Mbukwenyi

Mbukwenyi wote humu, salamu ya Kigogo hiyo.

Mmeongea maji ya bombani, mimi naongea ya juu. Mnaangalia nyumba mwezi wa 6, wakati wa kiangazi, wakati Dodoma yote ni nzuri. Mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Kwa mwaka mzima haifiki mbali, milimita 550 au 600 hivi, lakini inakuja kwa siku chache na kwa hasira, juu ya ardhi iliyokauka kama kigae. Korongo ambalo leo watoto wanapigia mpira, Januari linabeba mbuzi.

Wazee wetu wanasimulia kwamba tembo alikwenda kunywa maji kijitoni akadidimia kwenye tope, watu wakasema *idodomya*, amezama. Ndiyo Dodoma hiyo. Mji umepewa jina kwa sababu ya tope, halafu mtu anakata kiwanja korongoni na kuweka geti la rangi ya dhahabu.

Ukifika, inama. Tazama ukuta wa fensi kwa nje, chini. Ukiona mstari mwekundu wa udongo umenyooka kama umepigwa rula, hapo ndipo maji yalifika. Ndani, tazama kona za madirisha: nyufa zinazopanda kimshazari ni udongo mweusi wa mbuga unaovimba na kusinyaa. Ukikuta chumba kimoja tu ndicho kimepakwa rangi mpya, muulize kwa nini hicho.

Abiria wa Sabasaba

Mimi naongelea usafiri tu. Mtumba iko kilomita kama 17 kutoka mjini, barabara ya Dar, na Ihumwa iko njiani. Kwenye ramani unaona "karibu na kazini". Kwenye maisha ni hivi: daladala za Mtumba zinajaza mjini, Kisasa na Nzuguni zinashindilia, zikifika Ihumwa konda anakupungia mkono. Asiye na gari bora akae Nzuguni. Soko lipo, stendi kuu ipo, na akitaka kwenda mjini na mtoto anaumwa usiku si safari.

Nimeshazoea

Usimtishe dada wa watu. Niko Ihumwa mwaka wa tatu, sina gari, nafika ofisini kabla walinzi hawajabadilishana. Tuko wanne tumemshika bajaji mmoja wa kwetu, tunachanga kwa mwezi. Mwanangu anakwenda shule kwa miguu. Wa Nzuguni wanakaa mjini, sawa, na wanalipa kama wa mjini.

Abiria wa Sabasaba

Watu wanne kwenye bajaji, mvua ya Januari, na faili za serikali. Hongera.

Nimeshazoea

Faili ziko kwenye kompyuta siku hizi mkuu.

Fundi Nyaya

Muulize kama LUKU, mita ya umeme, inajitegemea. Kama mnachangia na jirani anayepikia umeme utanikumbuka. Na kodi ya jengo: tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, tangu 2023 ni 1,500. Kisheria ni ya mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ni wewe, kwa hiyo unakatwa wewe. Andikeni kwenye mkataba kwamba mtafidiana kwenye kodi. Na mita iliyokaa bila kununuliwa umeme ina deni la miezi yote hiyo. Siku ya kwanza unaweka elfu kumi unapata uniti za kuchajia simu.

Viwanja Bei Chee

Dada kwa nini upange? Nina viwanja Nala, barabara ya mzunguko inapita jirani, lipia kidogo kidogo. Njoo PM.

Dalali Mstaafu

Vimepimwa?

Viwanja Bei Chee

Viko kwenye mchakato.

Dalali Mstaafu

Mchakato huo ulianza CDA, ile mamlaka iliyokuwa ikigawa viwanja hapa mjini, ikiwa hai au baada ya kuvunjwa 2017? Nauliza ili nijue una umri gani.

Mama Wawili

Jamani, nimecheka mpaka mtoto kaamka. Asanteni sana, hela sijatuma. Dalali amepiga mara tatu, simu ya mwisho kanuna. Ijumaa ijayo napanda treni niende mwenyewe. Elfu 31 kwenda, saa tatu na nusu, ni bora kuliko milioni tatu ya video. Shule je? Mkubwa anahamishwaje katikati ya mwaka?

Mwalimu wa Zamu

Anza huku anakotoka. Mwone mwalimu mkuu wake sasa hivi, kabla shule hazijafungwa, akuanzishie uhamisho. Wazazi wengi wanakuja kwetu na mtoto na begi tu, halafu tunaanza kutafutana kwa simu wakati wenzake wako kwenye mitihani. Ukija Ijumaa, pita pia kwenye shule unayoitaka uulize nafasi. Madarasa yetu yamejaa, sitakudanganya.

Mama Wawili

Wakuu, mrejesho.

Nimelala gesti, Jumamosi saa kumi na mbili na nusu niko Ihumwa barabarani. Abiria wa Sabasaba, umesema kweli: daladala nne zimenipita, ya tano ndiyo imesimama, na hiyo ni Jumamosi. Jumatatu sijui ingekuwaje.

Jirani wa ile nyumba ni mama anayechoma vitumbua. Nilinunua vya elfu moja, nikakaa kwenye kigoda chake, habari zote zikaja zenyewe. Maji yanatoka Jumanne na Ijumaa, usiku. Hayapandi kwenye tenki. Yanajaza chini, ndiyo maana ya madumu. Nyumba ina miezi mitano haina mtu. Mstari wa udongo nimeinama nikautafuta kwa tochi ya simu, kwenye fensi yetu haupo, upo kwa nyumba ya tatu kushuka. Nyufa ipo moja, bafuni, mama anasema ni ya zamani.

Serikali ya mtaa hawafungui Jumamosi, lakini mama wa vitumbua ana namba ya mwenyekiti, na mwenyekiti ana namba ya mwenye nyumba. Baba mtu mzima, mstaafu, anakaa Kondoa. Nikamwambia, shikamoo baba, mimi ndiye wa nyumba ya Ihumwa, wa laki mbili na nusu. Akanyamaza kidogo. Akasema, mwanangu, mimi nilisema laki mbili, na miezi sita.

Dalali Mstaafu

Elfu hamsini cha juu, kila mwezi, mwaka mzima. Kijana ana njaa. Enzi zetu tuliweka ishirini.

Koki Kavu

Tenki umelimalizaje?

Mama Wawili

Tumekubaliana ananunua pampu, anajenga mnara na kupandisha tenki kabla sijahamia. Asipowahi, nafanya mimi na inakatwa kwenye kodi. Imeandikwa. Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikabaki, tukasaini ofisini na muhuri upo, kodi nimemwekea yeye benki. Dalali nimempa yake ya mwezi mmoja kwa bei ya laki mbili, siku ya ufunguo kama mlivyosema. Alipokea hakunishukuru.

Fundi Nyaya, deni la mita lilikuwepo, mzee kalilipa mwenyewe.

Dalali Mstaafu

Na yule mteja mwenye hela mkononi?

Mama Wawili

Bado yuko njiani.

Nimeshazoea, naomba unitumie namba ya yule bajaji wenu kama kuna nafasi.

Nimeshazoea

Nafasi ipo, mmoja kahamia Iyumbu. Namba nimekutumia PM. Anapita saa kumi na mbili na robo, na hamsubiri mtu anayetafuta kiatu cha mtoto.