Miaka 3 imetimia lakini logibuku imejaa nusu tu: mnanishauri nini kuhusu usajili wa mhandisi mtaalamu?

Y16_Kasarani ameuliza:

Wadau, habari za leo. Mimi ni mhandisi mhitimu wa ujenzi hapa Nairobi, nimeshasajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya (EBK). Nina maswali manne:

1. Logibuku yangu (daftari la kumbukumbu za kazi) ina mapengo ya miezi. Naweza kuketi wikendi moja nikaijaza yote?
2. Mbona watu wengi wenye kazi nzuri mkononi hurudishwa baada ya mahojiano?
3. Nikishapata namba ya usajili, leseni inatunzwaje? Kuna wanaosema ukisajiliwa umesajiliwa, basi.
4. Binamu yangu yuko Texas, anasema nikipata hii ya Kenya naenda moja kwa moja kupiga mhuri huko. Ni kweli?

---

Kipimamaji:

Karibu, mkuu. Nitachukua la kwanza, maana hapo ndipo wengi huangukia bila kujua.

Sheria ya Wahandisi ya 2011 haikutaki miaka tu. Inataka uwe umesajiliwa kama mhitimu, uwe na uzoefu wa vitendo usiopungua miaka 3, upite tathmini ya Bodi, na uwe mwanachama kamili wa Taasisi ya Wahandisi wa Kenya, yaani IEK. Watu hukumbuka miaka, husahau IEK. Huo uanachama kamili una maombi yake na muda wake, kwa hiyo uanze sasa, usingoje logibuku ikamilike.

Kujaza wikendi moja: usijaribu. Maadili tuyaweke kando kwanza, hiyo kazi hujisema yenyewe. Kalamu ni moja, mwandiko haubadiliki kutoka Januari hadi Desemba, na sahihi za msimamizi zote zina mteremko uleule. Halafu unaulizwa mvua ilinyesha siku ya kumwaga slabu au la, unabaki kumeza mate.

Mapengo huzibwa kwa ushahidi uliokuwepo wakati ule: kumbukumbu za vikao vya saiti, shajara ya saiti, matokeo ya maabara, barua pepe, picha zenye tarehe, karatasi za mahesabu. Andika kutokana na hizo, weka tarehe ya leo ya kuandika pamoja na tarehe ya kazi yenyewe, kisha mpelekee msimamizi aliyekuwepo. Kama kuna mwezi hauna karatasi hata moja, uache wazi. Heri pengo la kweli kuliko ukurasa wa kubuni.

Na jinsi ya kuandika, tazama tofauti. Hii haina maana: "Wiki hii tulimwaga zege ghorofa ya 2 na kusimamia mafundi." Nani alimwaga? Wewe uliamua nini?

Hii ina maana (slampu ni kipimo cha ulaini wa zege mbichi): "Jumanne, lori la saa 4:10 asubuhi: slampu 170 mm, kikomo cha mradi 125 mm. Dereva alikiri kuongeza maji njiani. Nimelirudisha lori, nimemjulisha mhandisi mkazi kwa maandishi. Lori lililofuata: slampu 110 mm, limekubaliwa. Michemraba 6 ya zege ya 150 mm imechukuliwa kupimwa nguvu, 3 ya siku ya 7, 3 ya siku ya 28. Zege ni ya daraja la nguvu C25/30, kwa hiyo siku ya 7 natarajia karibu 20 N/mm² kwenda juu." Baada ya mwezi unaongeza mstari mmoja wa matokeo. Mistari saba hivi, na kila mmoja unaonyesha ulipima, ukaamua, ukachukua jukumu.

La mwisho kwangu: anayekutilia sahihi awe mhandisi mtaalamu mwenye leseni ya mwaka huo, na awe wa fani yako. Meneja wa mradi ambaye ni msanifu majengo, hata awe na miaka 30 kazini, sahihi yake haikusaidii. Hakikisha jina lake kwenye rejista ya Bodi kabla hujampelekea daftari.

---

MamaTransfoma:

Naongeza kwenye la pili.

Ripoti nyingi zinazorudi husimulia mradi badala ya kumsimulia mhandisi. Kurasa za mwanzo ni historia ya barabara, gharama ya kandarasi, majina ya wafadhili. Jopo halitathmini barabara. Chagua kazi 2 au 3 ulizofanya maamuzi kweli. Kila moja ieleze tatizo lilikuwa nini, njia zipi zilikuwepo, ulizikataa zipi na kwa sababu gani, mahesabu yako (yako, si yaliyotolewa na programu bila wewe kuyakagua kwa mkono), na kilichotokea. "Tuli-" ikizidi "nili-", ripoti hiyo bado haijaiva.

Kwenye mahojiano swali huwa jepesi kulisikia. Mfano wa watu wa ujenzi: kwa nini kwenye udongo mweusi wa pamba nyumba ya ghorofa moja hupasuka kuliko jengo zito lililo jirani? Aliyekariri atasema "udongo ni mbaya". Anayeelewa ataeleza kwamba udongo huo huvimba ukinyonya maji na kunywea ukikauka, na nyumba nyepesi haina uzito wa kuukandamiza unapoinuka. Ndiyo maana unachimba hadi tabaka gumu, hurudishii udongo uleule chini ya sakafu, unajaza maramu na kuishindilia kwa matabaka, na bomba la maji taka hulipitishi kando ya msingi likavujia pale pale. Ukifika hapo jopo litaingia ndani zaidi, na hiyo ni dalili njema.

Usiende bila kujua mambo yasiyo ya mahesabu: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, lini mradi unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira ya NEMA (mamlaka ya mazingira), masharti ya kandarasi unayotumia (FIDIC, yale ya kimataifa, au mengine) kuhusu kuongeza muda na mabadiliko ya kazi, na kanuni za maadili za Bodi. Watu wa ujenzi, someni pia Kanuni ya Majengo ya 2024. Mtu anayejibu kwa sheria ndogo za ujenzi za 1968 peke yake anajitafutia maswali.

Jambo moja nimechoka kulisikia: kusajiliwa na NCA (Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi) ni habari ya makandarasi, na leseni ya umeme ya EPRA (mamlaka ya nishati na petroli) ni habari ya kufunga na kukagua nyaya. Hakuna hata moja inayokufanya mhandisi mtaalamu. Na wenzetu wa teknolojia ya uhandisi wana bodi yao, KETRB, chini ya sheria ya 2016. Usipeleke fomu mlango usio wako.

---

Y16_Kasarani:

Asanteni sana. Mama, hapo kwa "tuli-" umenishika, ripoti yangu imejaa hizo. Na leseni?

---

MhuriMkavu:

Usajili na leseni ni vitu viwili. Usajili ni jina lako kwenye rejista. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi mwaka huo, na huisha tarehe 31 Desemba hata kama uliichukua Oktoba. Mchoro uliopigwa mhuri Januari kabla hujahuisha ni mchoro wa mtu asiye na leseni, na bima ya dhima ya kitaalamu inaweza kukukana hapo hapo.

Kuhuisha kunahitaji ada na pointi za kujiendeleza kitaaluma. Usizikimbilie Desemba, wakati kila semina imejaa na wengine wanalipia viti wasivyokalia. Gawa kwa robo ya mwaka, pakia cheti kwenye akaunti yako wiki ileile, na uweke nakala kwako. Mafunzo yawe yametambuliwa na Bodi. Uliza kabla ya kulipa, si baada.

Sasa mhuri, maana ndio unaofukuzisha watu. Usiukodishe. Mtu atakuja na michoro ya ghorofa saba iliyokwisha kuchorwa, anataka sahihi tu ili ipelekwe kaunti. Ukiigonga, nguzo hizo ni zako jengo likianguka, si zake. Weka daftari la mihuri: namba ya mchoro, toleo, tarehe, mteja, faili la mahesabu. Gonga kila ukurasa, si jalada tu. Mkandarasi akisogeza nguzo au kuongeza ghorofa bila idhini yako, andika barua siku hiyohiyo kwa mteja na kwa kaunti, ubaki na nakala iliyopokelewa. Simu haitoshi.

---

Mto_Ngong:

La nne: hapana, binamu amekupotosha. Marekani leseni ni ya jimbo, kila jimbo na bodi yake. Njia ya kawaida ni shahada yako ifanyiwe tathmini, mtihani wa misingi ya uhandisi, FE (maswali 110, saa 5 na dakika 20), uzoefu ambao kwa kawaida ni miaka 4, kisha mtihani wa mhandisi mtaalamu, PE. Wa ujenzi una maswali 80 kwa saa 8. Uzoefu wako wa Nairobi unaweza kuhesabiwa ukiwa na watu wa kuuthibitisha, kwa hiyo logibuku ileile itakufaa na huko.

Kuitunza nako kunatofautiana: Texas inataka saa 15 za mafunzo kila mwaka, 1 kati ya hizo ya maadili, New York saa 36 kwa miaka 3, California haidai saa zozote.

Kama ni kufanya kazi nje, anza na jirani. Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi makubaliano ya kutambuana kwa wahandisi 2012. Bado utaomba kwa bodi ya kule, lakini si kwa kuanza upya.

---

Y16_Kasarani:

Swali dogo la mwisho. Msimamizi wangu wa mwaka wa kwanza alihamia nje ya nchi. Sahihi yake je?

---

Kipimamaji:

Mtumie kurasa zilizoskaniwa pamoja na ushahidi wa kila ukurasa. Atie sahihi, aandike namba yake ya usajili na tarehe anayosaini leo, arudishe kwa barua pepe yake mwenyewe, na hiyo barua pepe uichape uiambatishe. Kama leseni yake ya mwaka ule ilikuwa hai, hilo ndilo litakaloangaliwa. Mwandikie leo, watu wakishahama hubadilisha namba.